Watu Wasioujua Mwisho
(Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa wasomaji. Walioikosa wameniomba niiandike, nami nimeiandika kama nilivyoisema. Picha za majalada zilizokuwa zikipita ukutani nimeziacha.)

Wazee wangu, mama zangu, ndugu wasomaji, na ninyi vijana mliojibanza karibu na mlango ili mpate njia ya kutorokea: hamjambo?

Nimepewa dakika arobaini. Aliyenipa kipaza sauti ananijua vizuri, ndiyo maana ameketi hapa mbele na saa yake imemtazama usoni.

Nianze na kosa la kitabu kimoja. Jina lake silitaji. Ni riwaya ya kihistoria, habari za vita iliyoanza 1914. Askari wawili wamelala ndani ya handaki, mvua inawanyeshea, mwaka ni 1915. Mmoja anamgeukia mwenzake, anamwambia: "Hii Vita ya Kwanza ya Dunia itatumaliza."

Mmecheka. Kumbe mmeliona! Huyu askari alijuaje kwamba ni ya kwanza? Nani alimnong'oneza kwamba kuna ya pili inakuja?

Nilikifunga kile kitabu. Si kwa ajili ya tarehe, maana tarehe hukosewa na watu wazima wenye akili zao. Nilikifunga kwa sababu kuanzia hapo sikuweza tena kumwogopea yule askari. Alikuwa ameshausoma ukurasa wa mwisho wa maisha yake. Na mtu aliyeusoma ukurasa wa mwisho haogopi kitu, hatarajii kitu, wala hana cha kumwomba Mungu.

Nimeitwa hapa kupendekeza riwaya za miaka hii za aina tatu: za kihistoria, za taharuki, na za imani. Nitazipendekeza. Lakini kama mtatoka hapa mmesahau majina yote, basi bakini na hili moja: tafuteni riwaya ambayo watu waliomo ndani yake hawaujui mwisho. Nasema waliomo ndani yake. Msomaji anaweza kuujua, hilo halina neno. Wao wasiujue.

Mnajua mimi ni mwazimishaji wa vitabu. Nina daftari lenye safu nne: jina la mtu, jina la kitabu, siku kilipotoka, siku kiliporudi na, pembeni kabisa, ile ambayo sijawahi kumwonyesha mtu. Sasa naona zimekuwa tano, hesabu haikuwa somo langu. Hiyo ya pembeni naandika alichosema mtu aliponirudishia kitabu. Leo nitawasomea machache kutoka humo, bila majina.

Tuanze na historia.

Kuna swali ambalo huulizwa kila mara, tena na watu wenye nia njema: riwaya ya kihistoria ya nini, na mwisho naujua? Mji ulianguka, mfalme alikufa, vita iliisha. Kweli unaujua. Lakini je, unafikiri hiyo ndiyo raha yenyewe?

Mwaka 2020 Maggie O'Farrell alitoa riwaya inayoitwa Hamnet, nayo ikapata Tuzo ya Wanawake ya Riwaya huko Uingereza mwaka huohuo. Kabla hujafika hata sura ya kwanza, mwandishi amekwisha kukwambia: mtoto huyu alikufa mwaka 1596, akiwa na miaka 11. Baba yake ni Shakespeare, yule mtunzi wa tamthilia ambaye dunia nzima inamjua, na O'Farrell hamtaji jina hata mara moja katika kitabu kizima. Yeye ni baba, ni mume, ni mwalimu wa Kilatini. Jina halimo.

Kisha hadithi inaanza. Mtoto anashuka ngazi. Dada yake pacha ameanguka ghafla, ana homa. Mtoto anaita. Nyumba ambayo siku zote imejaa watu, leo haina mtu. Anaingia chumba hiki, anatoka, anaingia kile. Mama yake yuko mbali, anahangaika na nyuki wake.

Dada mmoja alinipigia simu usiku wa manane. Sikusikia salamu, nilisikia tu: "Mwambie huyo mama arudi nyumbani!" Nikamwuliza, mama gani? "Huyo wa nyuki!" Nikamwambia, dada yangu, lakini si umeshaambiwa mtoto anakufa? Akanyamaza. Halafu akasema, na hili ndilo nililoliandika pembeni: "Mimi nimeambiwa. Yeye hajaambiwa."

Yeye hajaambiwa! Ningekuwa na uwezo ningeyachonga maneno hayo juu ya mlango wa kila maktaba.

Na humo ndani kuna sura moja nadhani ndiyo niliyoirudia mara nyingi kuliko zote. Ni safari ya kiroboto. Kiroboto mmoja! Anatoka kwa tumbili kule Alexandria, anamrukia kijana wa merikebu, anapanda chombo, anasafiri bandari hadi bandari, anaingia kwenye kasha la shanga za kioo zilizotengenezwa Murano karibu na Venice, na kasha linakwenda mpaka Uingereza, mpaka mikononi mwa msichana mdogo anayetamani kulifungua. Wewe msomaji unajua kiroboto amebeba tauni. Mabaharia hawajui. Fundi wa kioo hajui. Msichana naye anafungua kasha kwa furaha. Kumbukeni kitabu kilitoka mwaka gani: mwaka ule ambao sote tulikuwa tunanawa mikono na kuogopa kushika kitasa cha mlango.

Hilary Mantel alilijua jambo hili kuliko wengi. Riwaya zake tatu za Thomas Cromwell, mshauri mkuu wa Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza, kuanzia Wolf Hall ya 2009 hadi The Mirror and the Light ya 2020, zimeandikwa zote kwa wakati uliopo. Cromwell anakula, anahesabu, anamtazama mfalme usoni. Mbili za kwanza zilipata tuzo ya Booker. Kila mtu anajua kichwa cha Cromwell kilikatwa Julai 1540, isipokuwa Cromwell. Ni vitabu vinene, nawaonya. Majina mengi, na nusu ya wanaume wanaitwa Thomas. Msianze navyo.

Anzeni na hiki nitakachokieleza sasa, maana kinatuhusu sisi wasemaji wa lugha hii zaidi ya tunavyodhani. Petina Gappah, mwandishi wa Zimbabwe, alitoa Out of Darkness, Shining Light mwaka 2019. Habari yenyewe ni ya kweli. Mwaka 1873 David Livingstone alikufa katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake wakautoa moyo, wakauzika chini ya mti. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha kwa jua, wakaufunga kama mzigo wa kawaida, wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo. Zaidi ya kilomita 1,600! Miezi tisa hivi njiani. Aprili 1874 akazikwa Westminster Abbey, London.

Tulipofundishwa habari hii, tulifundishwa ya nani? Ya maiti. Waliobeba walikuwa miguu tu. Gappah amewageukia wenye miguu. Sehemu ya kwanza inasimuliwa na Halima, mpishi wa msafara, mwanamke mwenye ulimi mkali asiyemwachia mtu neno, ambaye kila hatua anaiwaza nyumba yake mwenyewe atakayoipata safari ikiisha. Kisha anaingia Jacob Wainwright, kijana aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa na wamisionari kule India, anaandika shajara ya kujiona mteule, kila sentensi imevaa tai. Ukitoka kwa Halima ukaingia kwa Jacob, ni kama umetoka jikoni kwenye moshi na vicheko ukaingia kanisani, tena kwenye ibada ndefu. Wasomaji wengine humchoka. Nami nilimchoka, mpaka nikagundua kwamba Gappah anataka tumchoke kwanza, ndipo yampate yatakayompata.

Sasa angalieni. Watu hawa wamebeba mzigo ambao hawajui ni nini. Wanadhani wamebeba Bwana Daudi, wampeleke kwao akalale na wazee wake. Hawajui kwamba kwenye karatasi na ramani zake imo njia ya watakaokuja nyuma yake. Miaka kumi na moja tu baadaye wakubwa wa Ulaya wameketi Berlin wanagawana bara. Kama Halima angelijua hilo, je, angebeba? Angemwacha pale pale chini ya mti pamoja na moyo wake? Mzee mmoja alinirudishia kitabu hiki, akakiweka mezani polepole kama mtu anayetua kitu kizito, akasema: "Mabega yananiuma." Hakuongeza neno.

Wa nne simpendekezi, namkumbusha, maana aibu ikitukuta hatumjui itakuwa yetu: Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobeli ya fasihi ya mwaka 2021. Riwaya yake Afterlives ilitoka 2020, nayo inakwenda mpaka zama za Wajerumani na askari wao. Kuna msichana humo, Afiya, aliyefundishwa na kaka yake kusoma na kuandika. Mlezi wake anapogundua kwamba binti anajua kuandika, anampiga mpaka anamvunja mkono. Kwa sababu ya herufi! Na kitakachomwokoa ni kikaratasi alichokiandika kuomba msaada. Kaka mtu anakwenda vitani, anapotea, na wewe utabaki unamsubiri hadi kurasa za mwisho kabisa. Wasioona raha kwenye Kiingereza waanze na Peponi, tafsiri ya riwaya yake ya 1994 iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ikachapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Inasomeka kana kwamba ilikuwa imetoka tu matembezini sasa imerudi nyumbani.

Kabla sijaiacha historia, nawapeni kipimo kimoja cha dukani au cha maktabani. Fungua katikati, soma mazungumzo. Ukimkuta mtu wa mwaka 1600 anaongea haki za binadamu kama mtangazaji wa redio, rudisha kitabu rafuni. Halafu tazama mwisho kama kuna maelezo ya mwandishi: anasema nini ni kweli na nini amekitia mwenyewe? Mwandishi anayekiri alichokizua, utamwamini zaidi kwa vile vingine.

Taharuki.

Hapa nina kosa langu mwenyewe la kuungama. Miaka michache iliyopita nilimpa kijana mmoja The Silent Patient ya Alex Michaelides, ya 2019. Mchoraji anampiga mumewe risasi tano, kisha hatamki tena neno hata moja. Tabibu wa akili anajitolea kumfungua kinywa. Nikampa kijana kitabu, na kwa mdomo wangu mrefu nikamwambia: "Mwisho wake hutauamini!"

Aliporudi uso haukuwa na furaha. Akaniambia: "Ulinipa kitabu, halafu ukaninyang'anya." Tangu ukurasa wa kwanza hakusoma hadithi, alitafuta mtego. Kila mtu aliyeingia mlangoni alimtilia shaka. Alipofika kwenye mtego alikuwa ameshauona kwa mbali, kama mtu aliyeambiwa njiani kuna shimo.

Nawaomba basi, kwa heshima zote: mnapompa mtu riwaya ya taharuki, fungeni midomo. Hata kusema "kuna jambo mwishoni" ni kusema jambo lenyewe. Semeni "soma", basi.

Ila kosa langu lilinifundisha kitu. Kitabu kile ni fundi wa kufunga fundo, hilo simnyimi. Mimi nilikisoma usiku mmoja. Sijawahi kukirudia. Kwa nini? Kwa sababu nilipoujua mwisho, sikubaki na mtu humo ndani wa kumwogopea. Nilikuwa nimeshikwa na siri, na siri ikifichuka haishiki tena. Taharuki ni kitu kingine. Siri hukufanya uulize nani. Taharuki hukufanya utake kupiga kelele: usifungue mlango huo!

Ndiyo maana nampenda Oyinkan Braithwaite wa Nigeria, na kitabu chake My Sister, the Serial Killer cha 2018. Jina lenyewe limeshamtaja muuaji jaladani! Hakuna siri. Ayoola, mrembo wa kupindukia, anampigia simu dada yake mkubwa Korede: amemuua mpenzi wake. Tena. Huyu ni wa tatu. Na Korede, ambaye ni muuguzi, mtu wa utaratibu, anakwenda na glavu na jiki kusafisha. Tunaonyeshwa namna anavyosugua, kona ipi watu huisahau, damu inavyojificha. Unasoma huku unanusa jiki.

Sasa taharuki iko wapi, na muuaji tumeshamjua? Iko hapa: hospitalini Korede anampenda daktari mmoja, hajawahi kumwambia. Siku moja Ayoola anapita kumwona dada yake kazini. Daktari anainua macho. Mnaona? Mimi nilikitua kitabu nikatembea chumbani. Na kuna jambo jingine. Korede hana wa kumweleza siri zake, basi humweleza mgonjwa mmoja aliyepoteza fahamu kwa miezi mingi, amelala tu hasikii. Hilo ndilo yeye anadhani. Kama mgonjwa ataamka au hataamka, sisemi. Nimeshafundishwa.

Sura zake ni fupi mno, nyingine ukurasa mmoja. Kama una kijana nyumbani anayesema hana muda wa kusoma, huo ndio mlango wa kumwingizia. Kwa wasiopenda damu kuna Richard Osman, The Thursday Murder Club ya 2020: wazee wanne katika makazi ya wastaafu wanakutana kila Alhamisi kuchunguza kesi za mauaji ambazo polisi walishindwa nazo. Utacheka sana, halafu ghafla utaona kwamba mmoja wao anamwangalia mumewe akipoteza kumbukumbu siku hadi siku, na kicheko kitakukaa kooni.

Na tusijifanye hatuna kwetu. Mwaka 1960 Mohamed Said Abdulla alishatoa Mzimu wa Watu wa Kale, na Bwana Msa na kiko chake tunaye mpaka leo. Si cha miaka hii, najua, nimevunja masharti ya mwaliko. Lakini mtu akikwambia upelelezi ni wa wageni, mpe Bwana Msa kisha kaa kimya.

Sasa nije kwenye riwaya za imani, na hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu hukosana.

Humu ndani wapo wanaosema riwaya za imani si fasihi, ni mahubiri yaliyovalishwa nguo. Na wapo wanaosema hazina haja ya kuwa fasihi, zikimjenga mtu yatosha. Nimewasikia wote, tena kwa sauti ya juu, kwenye mlango wa nyumba yangu. Mimi naanza na mzee mmoja.

Mzee huyu alikuwa kiongozi wa dini kwa miaka mingi, wakati ule ameshastaafu. Macho yamechoka, anasoma kwa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Alinijia akiomba kitabu cha kumcha Mungu. Nikampa kimoja kilichosifiwa sana. Mama mwema ana shida, anaomba, shida inaondoka. Ana shida nyingine, anaomba, inaondoka. Siku ya tatu mzee akakirudisha. Nikamwuliza, vipi mzee wangu, hukukipenda? Akavua miwani yote miwili. Akasema:

"Mwandishi huyu hajawahi kuomba akanyimwa."

Ndugu zangu, nimesoma wahakiki wengi wenye vyeo. Sijasoma uhakiki uliozidi huo.

Kwa sababu kosa ni lilelile la askari wa handakini! Yule mama kitabuni ameshaujua mwisho. Anaomba kama mtu anayebonyeza swichi ya taa. Imani yake iko wapi, ikiwa ameshaonyeshwa? Asiyejua kama alfajiri itafika, akaendelea kukaa macho, huyo ndiye anayeamini. Mwandishi wa riwaya ya imani akikimbilia kumsaidia Mungu asionekane vibaya, anamnyang'anya mhusika wake imani yenyewe.

Nikamtafutia mzee kitabu kingine. Nikampa Gilead ya Marilynne Robinson. Ni ya 2004, ikapata tuzo ya Pulitzer ya Marekani mwaka uliofuata. Mwenye kutaka ya karibuni ana Jack ya 2020, ya watu walewale. Ndani ya Gilead ni mwaka 1956, mji mdogo wa Iowa, Marekani. Mchungaji John Ames ana miaka 76, moyo wake unamwacha, na ana mtoto wa kiume ambaye hajatimiza hata miaka saba. Anajua hatamwona akikua. Basi anamwandikia barua, na barua ndiyo kitabu. Hakuna bunduki, hakuna mkimbizano. Ni mzee mmoja na kalamu.

Darini kwake kuna makasha ya mahubiri yake yote. Amepiga hesabu: mahubiri 50 kwa mwaka, miaka 45, kurasa 30 kila moja. Kurasa 67,500! Na katika hayo yote, mahubiri anayoyakumbuka kwa uzito ni yale asiyoyatoa. Ilikuwa wakati wa vita na ile homa kuu ya 1918, vijana wanakufa kambini. Akaandika mahubiri makali ya kuipinga vita. Halafu akawaza ni nani watakaokuwa kanisani: vikongwe wachache waliokwisha kulia vya kutosha, ambao nao hawakuipenda vita. Akayatia motoni, usiku, kabla ya ibada. Sasa amezeeka, na anaona huenda ndiyo pekee ambayo asingeona haya kuulizwa mbele ya Mungu. Nayo ndiyo aliyoyachoma.

Je, alikosea? Kitabu hakisemi. Hakuna malaika anayeshuka kumwambia umefanya vyema.

Mzee alikaa na kitabu kile miezi mitatu. Sikumdai. Aliporudi nacho, nilikuta mstari mmoja wa penseli pembeni mwa ukurasa, mahali pale pa mahubiri yaliyochomwa. Mwembamba, mkono umetetemeka. Mimi sheria yangu ni kwamba vitabu haviandikwi. Nilipomtazama, alinitazama. Nikakiweka rafuni.

Wengine hapa mnataka riwaya ya imani yenye mapenzi na mwisho mtamu, na hilo si dhambi. Francine Rivers aliichukua habari ya nabii Hosea, yule aliyeambiwa na Mungu amwoe kahaba, akaipeleka California ya wachimba dhahabu, mwaka 1850, katika Redeeming Love. Ilitoka mara ya kwanza 1991 na filamu ikatoka 2022, watu bado wanaiulizia. Maoni yangu? Mwanamke yule, Angel, ni mtu wa kweli: anakimbia, anarudi, anakimbia tena, kwa sababu haamini kwamba atapendwa. Mume ndiye anayenichosha, maana yeye huambiwa cha kufanya na sauti ya Mungu kila akikwama. Mnaona ninakokwenda. Yeye anaujua mwisho, mkewe haujui, na mimi muda wote niko na mke. Mkitaka mwongozo wa aina hii kuna tuzo za Christy, zinazotolewa Marekani kwa riwaya za Kikristo tangu mwaka 2000. Majina ya washindi ni mahali pazuri pa kuanzia, ingawa si pa kuishia.

Na msidhani imani ni ya upande mmoja wa ukumbi. Leila Aboulela, aliyekulia Khartoum, alitoa River Spirit mwaka 2023. Ni Sudan ya miaka ya 1880. Mwaka 1881 Muhammad Ahmad alijitangaza kuwa Mahdi, yule kiongozi aliyeahidiwa ambaye Waislamu wengi humngoja. Maelfu wakamfuata. Kitabuni kuna Yaseen, mwanachuoni aliyesoma, ambaye hawezi kumkubali. Na kuna Akuany, msichana aliyepoteza wazazi katika uvamizi, akauzwa na kununuliwa tena na tena huku dola zikigombana juu ya kichwa chake. Sisi tuliosoma historia tunajua: Khartoum ikaanguka Januari 1885, Jenerali Gordon, Mwingereza aliyekuwa akiulinda mji, akauawa, na Mahdi mwenyewe akafariki Juni mwaka uleule. Lakini jiwekeni mahali pa mtu wa mwaka 1882. Jirani yako ameamini. Ndugu yako ameamini. Je, kama ni yeye kweli? Je, kama si yeye, na wewe umetoa kila ulichonacho? Aboulela hawacheki walioamini wala hawacheki waliokataa. Mama mmoja wa Kiislamu na mwenzake wa Kikristo walikisoma pamoja, wakabishana wiki nzima, na kilichoandikwa pembeni ya daftari langu ni: "Tupe kingine tugombane."

Nikawapa kingine, na ndicho cha mwisho leo, maana naona saa ya mwenzangu inanyanyuliwa. Ni cha Geraldine Brooks, People of the Book, 2008. Historia imo, taharuki imo, imani imo, tena za dini tatu. Mhusika mkuu wake ni kitabu. Kipo kweli: Haggadah ya Sarajevo, kitabu cha Kiyahudi kinachosomwa usiku wa Pasaka yao, kilichochorwa Hispania karne ya 14. Wakati wa vita ya Hitler, mkutubi Mwislamu, Derviš Korkut, alikitorosha makumbusho Wanazi wasikipate. Na ndani yake kuna maandishi ya padri aliyekipitisha kisichomwe, Venice, mwaka 1609.

Brooks anamleta mwanamke fundi wa kukarabati vitabu vya kale. Anakifungua, anakuta vitu vidogo: kibawa cha mdudu, doa la divai, chembe za chumvi, unywele mweupe. Kila kimoja kinaturudisha nyuma kwa mtu aliyekuwa nacho mkononi. Doa la divai lilidondoka wapi? Nani alikuwa akilia karibu na chumvi ile? Yeye fundi hapati majibu yote. Sisi tunapewa. Na hakuna hata mmoja wa wale walioshika kitabu, karne baada ya karne, aliyejua kama kitafika kwa mwingine. Kila mmoja alikificha usiku mmoja tu, usiku wake.

Basi. Vitabu nimevipanga kwenye meza ile ya pembeni, na daftari liko pale na kalamu yake. Andikeni majina yenu wenyewe, kwa mwandiko unaosomeka. Safu ya pembeni niachieni mimi. Nakala ya Gilead iko moja tu, na mtakaoichukua mtaona mstari wa penseli. Mwenyewe alifariki mwaka jana. Tafadhali, msiufute.